Miwani ya mnadani
Huku Kibondo wengi wetu miwani tunanunua mnadani. Unajaribisha, unatazama kiganja, ukiona mistari yake unalipa. Mama yangu mdogo ni fundi cherehani. Alivaa ya +2.00 miaka mitatu, kila jioni kichwa kinamgonga, akasingizia jua. Alipokwenda kupimwa Kasulu, jicho moja baada ya jingine, la kulia likataka +1.50 na la kushoto +2.50. Ya mnadani ina namba moja pande zote! Tena aliulizwa anashona umbali gani, akapimiwa kwa umbali wa sindano, si wa gazeti. Hilo ndilo lililonishangaza.

Kwa wazee wasiosoma, lipo bango la herufi E zinazoelekea huku na huku. Mtu anaonyesha kwa mkono tu. Kwa hiyo "sijui kusoma" si kisingizio cha kutopimwa. Lakini si kila tatizo la macho huisha kwa miwani: mtoto wa jicho haondolewi nayo, ni upasuaji. Na presha ya jicho mara nyingi huiba uoni bila maumivu, mpimaji ndiye huigundua. Muuza miwani wa mnadani atajuaje?