Je, Uchungu Waweza Kupimwa?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nijibu neno nililolisikia nilipokuja kuitembelea shule. Wanafunzi wa Senior ya Nne walikuwa wakizungumza habari za masomo watakayoyachagua mwakani. Mmoja alisema ataiacha fizikia mara tu atakapopata ruhusa, kwa kuwa nia yake ni kuwa mshauri wa watu waliopatwa na misiba, na fizikia ni mambo ya vyuma na nyaya, haina habari na moyo wa mtu. Wenzake wakamwunga mkono. Mimi nilikuwa na la kusema, lakini kengele ikalia. Basi nalisema hapa.

Elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia, ililelewa nyumba moja na fizikia. Nyumba hiyo ilikuwa Ujerumani, hasa katika mji wa Leipzig. Huko alikuwako daktari jina lake Ernst Heinrich Weber, aliyeuliza swali ambalo mama yeyote wa sokoni angeweza kuliuliza: mtu akishika mzigo mkononi, yapasa uongezwe kiasi gani ndipo atambue kuwa umezidi? Katika kitabu chake cha mwaka 1834 alionyesha kwamba jambo hili halitegemei idadi ya gramu, bali sehemu ya mzigo wenyewe. Kwa vitu viinuliwavyo kwa mkono, sehemu hiyo ni kama moja ya arobaini. Shika kilo moja ya maharagwe. Zikiongezwa gramu 25 utaanza kuhisi. Shika kilo 20. Gramu 25 hizo hazitakuambia neno lolote, mpaka nyongeza ifike kama nusu kilo.

Jaribuni wenyewe bwenini, mmoja amefumba macho. Kisha fikirini habari ya mkazi wa Nakivale aliyepokea mfuko wa unga, akaupima kwa mkono, akasema, "Haya, umetimia." Mfuko wa kilo 20 uliopungua gramu 300, mkono wake hautagundua kitu. Hana kosa, wala si mjinga. Ndivyo mkono wa binadamu ulivyo. Sasa mniambie, maarifa haya ni ya fizikia au ya nafsi?

Aliyeyakuza maarifa hayo alikuwa profesa wa fizikia, Gustav Fechner. Yeye alikuwa amepima umeme kwa kuifuata kazi ya Ohm, ambaye mnamjua kwa kanuni yake, na ambaye alikuwa mwalimu wa shule kama walimu wetu. Fechner alitaka kuchunguza rangi zinazobaki machoni, akalitazama jua kwa vioo vya rangi hata macho yake yakaharibika. Akaacha kazi, akakaa gizani muda mrefu. Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1850, akiwa bado kitandani, alipata wazo: nguvu ya nje inapozidishwa, hisia ya ndani haizidishwi vivyo hivyo, bali huongezeka hatua moja moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860.

Naye Hermann von Helmholtz, aliyekuwa daktari wa jeshi kabla ya kuwa mkuu wa fizikia Berlin, alifundishwa na mtu aliyedhani kwamba mwendo wa habari ndani ya mishipa ya fahamu hautapimika. Mwanafunzi hakuridhika. Mwaka 1850 alichukua msuli wa chura na mshipa wake, pamoja na umeme, akaupima mwendo huo: karibu meta 30 kwa sekunde, yaani polepole sana kuliko sauti hewani. Mwaka uliofuata akatengeneza chombo cha kuangalia ndani ya jicho. Ukienda Ruharo, Mbarara, daktari wa macho akakutazama kwa kile kitaa chake kidogo, kumbuka chombo hicho. Msaidizi wake mmoja, Wilhelm Wundt, ndiye aliyefungua Leipzig mwaka 1879 maabara ihesabiwayo kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani.

Najua mtu atasema: Wajerumani hao si ndio wale Wadachi wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na si ndio waliopatana na Waingereza mwaka 1890 kugawana nchi hizi, mpaka ukapita papa hapa kusini kwetu? Ndio, ni taifa lile lile, na sitaki yasahauliwe. Lakini msuli wa chura hauna taifa.

Neno lenye nguvu zaidi nililisikia kwa mzee mmoja: uchungu wa mtu haupimwi kwa rula. Ni kweli. Walakini Weber na Fechner hawakutumia rula juu ya nafsi. Walimwuliza mtu mwenyewe: unahisi au huhisi, huu umezidi ule au sivyo? Kisha wakalinganisha majibu mengi. Na desturi hiyo ya kulinganisha imekwisha kufika kwetu.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, akiwamo Frank Neuner, walifanya kazi Nakivale, na mwaka 2008 wakatangaza habari zake. Walikuwapo wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, walioteswa na kumbukumbu za vita: ndoto mbaya, kushtuka ovyo, kukimbia kila kinachowakumbusha. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Watu 111 walisaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mfuatano, tangu utoto, na msikilizaji akayaandika. Wengine 111 walipata ushauri wa namna nyingine. Watu 55 walichunguzwa tu. Washauri wenyewe walikuwa wakimbizi waliofundishwa kazi hiyo.

Mwishoni, katika kila 100 waliosimulia maisha yao, 70 hawakuwa tena na ugonjwa ule. Waliopata ushauri mwingine walikuwa 65. Na wale waliochunguzwa tu? Walikuwa 37. Hesabu hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bila hiyo, mshauri angejisifu kwamba amewaponya 70, kumbe 37 katika kila mia huinuka hata bila yeye. Na ile 70 na 65 hazikutofautiana kiasi cha kuamua mshindi, nao wakasema hivyo bila kuficha. Mtu aliyefanya majaribio ya fizikia pamoja na makosa yake ya kupima ataelewa upesi kwa nini. Asiyeyafanya atashangilia zile tano.

Lakini siwasifu kwa kila kitu. Hao 55 walikuwa na usiku kama wengine, na kumwacha mtu katika uchungu ili umlinganishe ni jambo la kuulizwa kwa sauti kubwa, hata kama ni lazima kwa elimu. Pia hesabu hizo hazisemi neno juu ya shamba, wala chakula, wala njia ya kurudi nyumbani, na mengi ya uchungu wa Nakivale yamo humo. Wundt mwenyewe aliona kuwa maabara haitoshi. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandika juzuu kumi juu ya lugha, desturi na hadithi za mataifa.

La tatu ni hili. Habari za hao 277 zilichapishwa kwa Kiingereza katika gazeti la wataalamu wa Marekani. Ni wangapi waliosimulia maisha yao ambao wameisoma? Wale wa Kinyarwanda na Kisomali wangeisoma kwa lugha zao, na majirani wao Wakongo kwa Kiswahili, kama angepatikana wa kuifasiri. Mfasiri huyo yampasa ajue mambo mawili: jinsi ya kuzungumza na mama asiyelala usiku, na maana ya 37 katika mia. Yule kijana wa Senior ya Nne la kwanza analo tayari. Kabla hajaiandika karatasi yake ya kuchagua masomo, namwomba aje tukae saa moja na mizani ya maabara, kilo moja ya maharagwe, na kitambaa cha kufunga macho. Maharagwe nitaleta mimi.