Kengele ya Maji Isiishie Darasani

Mwezi Aprili mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda na mvua kubwa zikafurisha mito, hata Serikali ya Burundi ikaomba msaada wa mataifa kwa ajili ya wananchi walioachwa bila makazi. Mitaa ya Bujumbura iliyo kando ya ziwa, Ruziba ikiwa mmojawapo, haina budi kujifunza kutokana na maafa hayo.

Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, ulioko Kongo. Kwa hiyo hupanda polepole, na likishapanda hukawia kushuka. Mito inayoteremka kutoka milima ya mashariki, kinyume chake, huja kwa ghafla, pengine usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Aliyelala hahitaji hotuba. Anahitaji kitu cha kumwamsha.

Kitu hicho wanafunzi wetu wanaweza kukitengeneza wenyewe. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, imo katika redio nyingi mbovu zilizotupwa. Inatakiwa transista moja, rizista moja, betri ya volti 9, kengele ndogo ya umeme na nyaya mbili. Ncha za nyaya hizo huwekwa karibu karibu, bila kugusana, mahali ambapo maji yakifika ni hatari. Maji ya ziwa na ya mito yana chumvi za kutosha kupitisha umeme kidogo. Yakizifikia ncha, umeme huo hafifu hupita katika rizista na kuingia kwenye transista, nayo hufungulia umeme ulio mwingi zaidi, pengine mara mia moja. Hapo kengele hulia.

Lakini tusidanganyane. Waya wa shaba ukikaa majini huliwa na kutu. Vijiti vyeusi vya kaboni vilivyomo ndani ya betri kuukuu vinafaa zaidi. Ncha zisipofunikwa, tone la mvua litaliza kengele bure, na kengele iliayo bure mara tatu haisikilizwi mara ya nne. Betri nayo huisha kimyakimya. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukijaribu chombo hiki kila juma, naye ajulikane kwa jina.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulisisitiza. Kengele peke yake haiokoi mtu. Ni nani atakayewaamsha wazee na wagonjwa? Watoto watapitia njia gani? Watakusanyika wapi? Maswali hayo yajibiwe mchana, katika mkutano wa mtaa, kabla mvua hazijaanza.

Wala kengele isiwe kisingizio cha kujenga ufukweni. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa meta 150 kutoka ziwani kuwa hifadhi. Viongozi waisimamie bila kumpendelea mwenye nacho wala kumwonea mnyonge.

Tunatoa rai kwa walimu wa sayansi wa Ruziba waifanye kengele hii kuwa kazi ya mikono ya wanafunzi wao, na kwa wakuu wa mtaa wailinde kama mali ya wote. Gharama yake ni ndogo. Gharama ya kutoamka haina kipimo.