Ali Alikuwa Bora Lini?

Katika baraza za Ujiji, ambako kahawa hunywewa na habari za dunia hupimwa kila jioni, yako mabishano yasiyokwisha. Mengine ni ya soka, mengine ya siasa, na mengine ya ngumi. Katika hayo ya ngumi lipo moja lililowashinda wazee na vijana kulimaliza: Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa katika kilele cha ubora wake mwaka gani? Kundi moja hushikilia mwaka 1966, alipokuwa kijana mwepesi asiyeguswa. Kundi la pili hushikilia alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa, katika nchi ile ile ambayo milima yake huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika siku hewa inapokuwa safi.

Mtu asiyependa michezo aweza kudhani kuwa hayo ni maneno ya kupotezea wakati. Sivyo. Ndani yake limo swali linalomhusu kila mwalimu na kila mtumishi wa umma: mtu hufikia ubora wake lini, upimwe kwa kipimo gani, na ni nani mwenye wajibu wa kumwambia kuwa umekwisha?

Yafaa kwanza mambo yenyewe yaelezwe kwa utaratibu. Ali alizaliwa Louisville, Marekani, tarehe 17 Januari 1942, akapata medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na kuunyakua ubingwa wa dunia kutoka kwa Sonny Liston mwezi Februari 1964. Katika mwaka 1966 peke yake alipanda ulingoni mara tano, katika Kanada, Uingereza, Ujerumani Magharibi na Marekani, asishindwe hata mara moja. Miguu yake ilikuwa ya mtu wa uzito mdogo, na ngumi za adui zilipita hewani mahali ambapo kichwa chake kilikuwa kabla ya kufumba na kufumbua. Tarehe 14 Novemba mwaka huo, mjini Houston, alimmaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu. Wajuzi wengi wa ngumi husema kuwa hawajaona bondia wa uzito wa juu aliyecheza vizuri kama alivyocheza Ali usiku ule.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina tundu. Williams aliyepanda ulingoni usiku ule hakuwa Williams wa zamani. Mwaka 1964 alikuwa amepigwa risasi na polisi, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa na kupoteza figo moja. Kwa hiyo onyesho lile zuri lilifanywa mbele ya mtu aliyekwisha kujeruhiwa. Lilionyesha kila alichoweza Ali, lakini halikumdai kila alichokuwa nacho.

Ndipo ukaja mwaka 1967. Tarehe 28 Aprili Ali alikataa kuapishwa kuingia jeshini kwenda vitani Vietnam. Akanyang'anywa ubingwa na kibali cha kupigana, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa dhamana mpaka Mahakama Kuu ya nchi yake ilipoifuta hukumu hiyo mwezi Juni 1971. Pambano lake la mwisho kabla ya adhabu lilikuwa la mwezi Machi 1967, naye akiwa na umri wa miaka 25. Aliporudi ulingoni Oktoba 1970 alikuwa na miaka 28. Miaka mitatu na nusu ilikwisha kupotea, nayo ndiyo miaka ambayo bondia huvuna alichopanda. Kwa sababu hiyo kundi la mwaka 1966 lina haki ya kusema kuwa kilele cha mwili wa Ali hakikuonekana na mtu yeyote. Kilitolewa sadaka kwa ajili ya msimamo.

Watanzania hawahitaji kwenda Marekani kutafuta mfano wa sadaka ya namna hiyo. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 huko Christchurch mwezi Februari 1974, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia ya maili moja. Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilipofika, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusa, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Bayi akabaki nje, akiwa na umri wa miaka 23. Alipopata medali yake ya fedha huko Moscow mwaka 1980, ilikuwa katika mbio nyingine, za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Atakayempima Bayi kwa orodha ya medali tu atakuwa hakumpima Bayi.

Turufu ya kundi la pili ni Kinshasa. Mwaka 1974 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na ilibidi ingojee hadi mwaka 1994. Hivyo Ali wa Kigoma na Ujiji alikuwa Ali wa redio na magazeti. Pambano lile lilipangwa lianze kiasi cha saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani walitazame usiku wao. Kwa saa za Tanzania ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati kunapopambazuka na wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao ufukoni Kibirizi.

Foreman alikuwa na umri wa miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa, na katika hizo aliwamaliza wapinzani 37 kabla ya kengele ya mwisho. Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili waliokuwa wamemshinda Ali, Foreman alimshinda kila mmoja wao katika raundi mbili tu. Ali alikuwa na miaka 32, na miguu yake haikuwa tena ile ya Houston. Hilo yeye mwenyewe alilijua. Badala ya kukimbia aliegemea kamba, akaficha uso nyuma ya mikono, akamwachia kijana yule apige mpaka achoke, huku uwanja mzima ukiimba kwa Kilingala kumtaka Ali amwue. Katika raundi ya nane nguvu za Foreman zilikuwa zimekwisha, na Ali akamwangusha.

Hapo ndipo hukumu yaweza kutolewa. Kama swali ni mwili, kundi la kwanza limeshinda: mwili wa Ali haukupata kuwa bora kuliko ulivyokuwa kati ya 1966 na 1967. Lakini swali la barazani halikuwa la mwili, bali la bondia. Na bondia ni mwili pamoja na maarifa, uvumilivu na ujasiri wa kubadili njia. Kwa kipimo hicho kilele chake ni Kinshasa. Kijana wa 1966 hakuwa na haja ya kufikiri kwa sababu miguu ilifikiri kwa niaba yake. Mtu mzima wa 1974 alikuwa amepungukiwa, akakiri moyoni kuwa amepungukiwa, na kutokana na masalio yake akaunda silaha mpya.

Wakazi wa ufuko wa Ziwa Tanganyika hawawezi kuona ugumu katika hoja hiyo. Katika chombo cha uvuvi, mikono ya vijana ndiyo inayovuta wavu. Lakini upepo wa kusini mashariki unapoanza kuvuma katika miezi ya kiangazi, chombo humsikiliza yule aliyekwisha kuona mawimbi mengi. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na ni kweli. Lakini nahodha asiyekwisha kuwa baharia hajapatikana.

Hata hivyo ushindi wa hoja hii una hatari yake, na wanaoisifu Kinshasa husahau kuitaja. Njia aliyoitumia Ali ilikuwa ya kupokea mapigo, na mapigo hayasahauliki mwilini. Mwaka mmoja baadaye, mjini Manila, alipigana na Frazier raundi 14 za mateso. Baada ya pambano lake na Earnie Shavers mwaka 1977 daktari wake, Ferdie Pacheco, alitaka aache ngumi, na aliposhindwa kusikilizwa akajitoa. Lakini wapambe walikwisha kujifunza funzo baya kutoka Kinshasa, kwamba Ali atapata njia siku zote. Tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, aliletwa mbele ya Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Alipigwa raundi kumi bila kujibu kitu, mpaka mwalimu wake Angelo Dundee akalisimamisha pambano. Hata baada ya hayo alipandishwa tena ulingoni Desemba 1981, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 ilitangazwa kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, nao ulimfuata hadi kifo chake tarehe 3 Juni 2016.

Mwaka huo huo wa 1980 Tanzania ilimwona Ali kwa macho. Mwezi Februari alifika Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter, kuzishawishi nchi za Afrika zisuse Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Waandishi wa habari walipomwuliza kwa nini Afrika isuse wakati Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976, Ali alikiri kuwa hakuelezwa jambo hilo. Heshima ya mtu yule katika Afrika ilijengwa mwaka 1967, alipoikatalia serikali yake. Mwaka 1980 alitumwa aitumie heshima hiyo kubeba ujumbe wa serikali hiyo hiyo, tena bila kupewa habari kamili. Ulingoni na nje ya ulingo, kosa lilikuwa moja: watu walikopa kutoka katika jina lake bila kujali kilichobaki cha kulipia.

Yapo hapa mambo ya kuzingatiwa maofisini na mashuleni. Kwa watumishi walio wengi nchini, sheria imeweka miaka 55 ya kustaafu kwa hiari na 60 ya lazima. Sheria haina budi kuweka tarehe, lakini tarehe haiwezi kumwambia mkuu wa shule kuwa mwalimu wa miaka 52, ambaye sauti yake haijazi tena darasa la watoto 90, ndiye anayefaa kuwalea walimu wapya waliotoka chuoni jana. Kumpa kazi ya miguu mtu aliyekwisha kupata kazi ya akili ni kupoteza mara mbili. Na kumwachia aendelee kupokea mapigo kwa sababu tu hapo zamani alishinda si heshima, ijapokuwa hupambwa kwa maneno ya heshima.

Mwalimu Nyerere alilieneza nchini neno kung'atuka alipoacha urais mwaka 1985, akiwa bado na nguvu za kutosha kubaki. Neno hilo humwelekea anayeondoka. Kisa cha Ali huwaelekea wanaobaki: madaktari, wapambe, wakubwa wa kazi na marafiki, ambao huona miguu imekuwa mizito lakini wakaendelea kupiga makofi.

Basi baraza za Ujiji na ziendelee kubishana. Ila kila anapotajwa Ali wa 1966 na Ali wa 1974, atajwe pia Ali wa 1980, na iulizwe siku ile waliompenda walikuwa wapi.