Barua ya Mwalimu: Kilima Kinacholindwa kwa Meno

Mwaka huu tena nimepewa ukurasa wangu katika kitabu chetu, na sharti la mhariri ni lile lile: nisizidishe. Basi nitasema juu ya kilima kimoja tu.

Sisi wa Portsmouth tumezoea, likiingia joto, kuteremka Southsea ufukweni na chupa zetu za chai. Si vibaya, mtu wa pwani haachi pwani. Lakini kaskazini yetu, chini ya saa moja kwa gari, pako pahala paitwapo Old Winchester Hill. Jina lisikudanganyeni, si Winchester. Ni kilima kilicho juu ya bonde la mto Meon, katika Hampshire, nacho kimewekwa kuwa hifadhi ya taifa ya maumbile. Nilikwenda mwisho wa Julai 2024, pamoja na shemeji yangu na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka kumi na mmoja.

Tulipofika juu shemeji alitazama huku na huku, akasema, "Mwalimu, umenitoa nyumbani kuja kuona majani?"

Nikamwambia, "Inama kwanza, bwana, kisha useme."

Kilima chote kile ni chaki. Ni jiwe jeupe lililofanyika chini ya bahari, baina ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita, kwa maganda ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, yakituana tabaka juu ya tabaka. Ni ndugu wa mawe yetu ya matumbawe, yale yanayochomwa tanuuni yakatoa chokaa ya kujengea. Na kama ilivyo kwetu maweni, udongo wa juu ni haba na hauna rutuba. Mkulima ataona ni mkosi. Kumbe ndiyo siri yenyewe: kwa kuwa chakula ni kichache, hakuna mmea unaopata nguvu ya kuwameza wenziwe. Katika mita moja ya mraba ya malisho ya chaki huweza kukutwa aina hadi 40 za mimea. Ukitia mbolea umeharibu, maana majani marefu yatatawala na maua yatatoweka.

Shemeji aliinama, akainusa zaatari ya mwituni bila ya kuichuma, akanyamaza. Mbele yetu vipepeo walikuwa wakiruka chini chini, madume yao rangi ya buluu iliyochanganyika na fedha, majike rangi ya kahawia. Viwavi wa kipepeo huyu hula mmea mmoja tu, wa jamii ya kunde, wenye maua ya manjano. Tena wana walinzi: kiwavi hutoa maji matamu, sisimizi wakaja kuyanywa, na kwa ajili hiyo wakamkinga na maadui. Shamba hufa mmea ukikosekana, na mlinzi huondoka ardhi ikibadilika.

Mjukuu wangu aliona kondoo wakilisha. Akauliza, "Babu, hawa si watayala maua yote? Kwa nini wasipaache penyewe?"

Swali hilo ni zuri, na watu wazima wengi wamelijibu vibaya. Kilima kile hakikuachwa peke yake kwa maelfu ya miaka. Juu yake iko ngome ya udongo yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na makaburi ya kale zaidi ya hiyo. Tangu zamani hizo wanyama wa kufugwa wamekuwa wakiyapunguza majani kwa meno yao. Wakiondoshwa, majani hurefuka, kisha huja miiba, kisha msitu, na maua yanayotaka jua hayaonekani tena.

Uingereza imeshayaona hayo. Katika Vita vya Pili na baada yake malisho mengi ya chaki yalilimwa, na inakadiriwa kwamba asilimia 80 yamepotea. Mwaka 1953 yakaingia maradhi ya miksomatosi, yakawaua sungura waliokuwa wakifanya kazi ile ile ya kondoo. Katika malisho mengine nchini humo aliishi kipepeo mkubwa wa buluu, ambaye kiwavi wake hulelewa ndani ya shimo la aina moja ya sisimizi. Sisimizi hao hutaka ardhi iliyopigwa jua. Baadhi ya mahali pake palizungushiwa ua kwa nia njema, mifugo isiingie. Majani yakapanda sentimita chache tu, ardhi ikapoa, sisimizi wakahama, na mwaka 1979 kipepeo yule akatoweka Uingereza. Sababu ilipofahamika mifugo ikarejeshwa, na tangu 1983 wakaletwa wengine kutoka Sweden. Leo wanazaana tena kusini magharibi.

Waswahili tunasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vipepeo wana daftari lao. Tangu mwaka 1976, watu, wengi wao wa kujitolea, hupita njia ile ile kila wiki, Aprili hadi Septemba, wakihesabu na kuandika. Kazi hiyo haitaki shahada. Inataka macho, subira na kutoacha.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wazazi. Watoto wetu tumewafundisha majina ya mikarafuu na mifenesi ya kwetu, na tumefanya vyema. Lakini wao wamezaliwa Hampshire, na hawamjui hata kipepeo mmoja wa kilima kilicho nyuma ya nyumba zao. Ardhi humjua anayeitunza, haimuulizi babu yake alitoka wapi.

Kwa hiyo naiomba kamati siku moja ya matembezi yetu ya Julai ijayo iwe huko. Chukueni maji, chai na kofia. Msichume kitu. Wakati wa vita askari walifanya mazoezi ya makombora pale, kwa hiyo mfuate vibao, na mkiona chuma ardhini msikiguse. Ikiwa mbingu ni safi mtakiona kisiwa cha Wight upande wa kusini. Na kila mtoto aje na daftari na kalamu ya risasi.