Tuhesabiwe, Ndipo Tuombe Barabara



Sensa ya mwisho katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, wakati ilipokuwa ikiitwa Zaire. Maana yake ni kwamba hakuna kijana hata mmoja wa vikundi vyetu aliyekwisha kuhesabiwa katika sensa, na wengi wa wazazi wetu pia hawajahesabiwa. Inakadiriwa kuwa Wakongo sasa wamepita milioni 100. Lakini makadirio hayo hayatuambii Luberizi ina nyumba ngapi, wala ni watoto wangapi huvuka mto kila asubuhi kwenda shule.

Twawaalika kulitafakari jambo hili pamoja na lile la barabara, kwa kuwa mara nyingi tunalalamikia la pili na kulisahau la kwanza.

Luberizi iko katika bonde la Ruzizi, kati ya Luvungi na Sange, upande wa Barabara ya Taifa namba 5 inayounganisha Uvira na Bukavu. Kwa njia hiyo mihogo, mchele na nyanya za bonde hupelekwa mjini. Kati ya Kamanyola na Nyangezi, magenge ya Ngomo huwatisha hata madereva wazoefu, na magari mengi yamezoea kuzunguka kwa kupitia Rwanda. Asiye na hati ya kuvuka mpaka hubaki na Ngomo. Na hiyo ndiyo barabara kuu! Ndani ya vijiji, pikipiki ndiyo gari letu. Mvua ikinyesha kutwa, nauli hupanda, nyanya huoza vikapuni, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa kwa kipoyi.

Nani atajenga daraja mahali ambapo vitabu vyake havionyeshi watu? Orodha ya wapiga kura hutumiwa kugawa viti vya bunge, lakini haiwataji walio chini ya miaka 18, ambao ni kama nusu ya taifa. Daftari la chifu wa kijiji nalo huachwa nyuma na vita: mwezi Februari 2025 maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi na kukimbilia Burundi.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu watu ni hatari kwetu, nao wana sababu. Katika bonde hili, swali la kabila lipi lina watu wengi limechochea ugomvi wa ardhi na wa uchifu, na orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya yaweza kuua. Kwa hiyo hatusemi mwandike majina wala makabila. Twasema mhesabu nyumba, watoto, wajawazito na wazee. Mwandike mwendo wa kufika kituo cha afya, siku ambazo njia ilifungwa, nauli ya kiangazi na nauli ya wakati wa mvua. Kila shirika laweza kufanya hivyo kwa idhini ya chifu na ya wenye nyumba, kisha kukabidhi nakala kwa kituo cha afya, ambacho huhitaji idadi ya watoto kwa ajili ya chanjo. Hesabu hiyo haitaleta lami kesho. Lakini anayekwenda kwa kiongozi na hesabu mkononi hajibiwi kwa urahisi kama anayekwenda na malalamiko matupu.

Tarehe 2 Julai 2010, katika barabara hiyohiyo, lori la mafuta lilipinduka Sange na kulipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa, nasi tukawahesabu wakati wa kuwazika. Walio hai wanastahili kuhesabiwa kabla ya msiba, ili njia, daraja na dawa ziwafikie wangali hai. Je, kikundi chenu kitaanzia kijiji gani?