Mayai wanakunyima, pemba wanakununulia!

Ukitaka kujua una ndugu wengi kiasi gani, beba mimba. Ghafla kila mtu anakuwa daktari. Mama mkwe anakwambia usile mayai, mtoto atazaliwa hana nywele. Wifi anapiga simu kutoka mkoani na orodha yake. Jirani naye ana yake. Ukiwasikiliza wote utabaki na ugali mkavu na maji!

Mimi hizo marufuku hazinishangazi, nimezizoea. Kinachonishangaza ni kwamba watu wale wale wanaokunyang'anya yai ndio wanaokupitia sokoni kukuletea pemba, na ndio wanaokwambia eti bia moja nyeusi inaongeza damu. Mama kijacho, mwezi huu tuipange upya hiyo orodha.

Tuanze na pemba
Dada mmoja ofisini kwetu alikuwa na mimba yake ya kwanza, na droo yake ilijaa udongo. Tulikuwa tunamtania tu. Alipofika mwezi wa saba, kliniki wakampima damu, ikasoma 8, wakati mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu. Nesi hakumuuliza maswali mengi. Alimuuliza tu, "Mama, unakula udongo?" Dada wa watu akacheka kwa aibu.

Kiukweli hamu ya udongo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba udongo wenyewe unaweza kushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, kwa hiyo unazidi kupungukiwa na hamu inazidi kupanda. Pia unaweza kuwa na mayai ya minyoo, hata madini ya risasi ambayo yanadhuru ubongo wa mtoto. Na kuingia leba na damu 8 si mchezo: ukivuja damu wakati wa kujifungua, huna akiba. Shosti wetu aliacha, akameza vidonge vyake kwa uaminifu, na akajifungua salama. Ukiona hamu imekuzidi, usijifiche. Mwambie nesi, akupime.

"Kidogo tu" haipo
Pombe ni pombe, iwe bia, waini, mbege au wanzuki. Inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ini lake bado halijakomaa. Inaweza kuharibu mimba, na inaweza kumwachia mtoto matatizo ya akili na ukuaji ya maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Na wale mnaotafuta mtoto, msisubiri kipimo kionyeshe ndiyo muache. Wiki za mwanzo ndipo viungo vinapoumbwa.

Kahawa je? Hiyo ni ya kupunguza. Idara ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa ya unga ya kukoroga kina kama 100, cha chai kama 75, na kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu kama 80. Piga hesabu ya siku yako ya kazini, utashangaa. Halafu jamani, vidonge vya damu usivimezee chai! Chai inazuia chuma kufyonzwa. Meza kwa maji, chai ije baada ya saa moja au zaidi.

Viingie motoni kwanza
Mishikaki yenye wekundu ndani, maziwa mabichi na yai bichi, weka kando mpaka ujifungue. Soseji na poloni usile za baridi kutoka kwenye friji. Zipikwe mpaka zitoe mvuke. Mnakumbuka Afrika Kusini? Kati ya mwaka 2017 na 2018 bakteria wa listeria waliugusa nchi nzima: wagonjwa zaidi ya 1,000, vifo zaidi ya 200, na sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto wachanga walioambukizwa na mama zao. Chanzo kilikuwa poloni. Bakteria huyu anaendelea kukua hata ndani ya friji, na mama anaweza kuhisi mafua tu kumbe mtoto yuko hatarini. Kachumbari nayo ioshwe vizuri kwa maji safi.

Ini na papa
Hapa wengi mtanikasirikia. Ini lina chuma, ni kweli, lakini lina vitamini A nyingi mno, na ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumlemaza mtoto. Kabla hujalifanya mboga ya kila siku, zungumza na mtaalamu wako wa kliniki. Papa, hata awe wa nazi mtamu vipi, anakusanya zebaki mwilini kwa sababu anakula samaki wengine miaka mingi. Dagaa na sato ni salama zaidi.

Na mayai? Kula, mama! Yaive tu mpaka kiini kigande. Nywele za mtoto zinatoka kwa wazazi wake, hazitoki kwenye trei ya mayai. Yai lina protini nzuri, na kumnyima mjamzito ni kumnyima mtoto.

Sasa wewe kaka, usifikiri ukurasa huu haukuhusu. Mkeo hawezi kumjibu mama yako mezani, wewe unaweza, kwa heshima: "Mama, kliniki wamesema ale." Mkiwa kwenye sherehe, kabla shemeji hajammiminia glasi, muagizie maji au juisi. Na siku ya kliniki nenda naye, ukasikie kwa masikio yako. Vipo vitu vitamu vingi mtavisubiri wote miezi hii, hata bia yako mwenyewe ukipenda.

Tukutane mwezi ujao.