Luva Kwanza, Kiyoyozi Baadaye

Mjadala wa luva za nje, yaani mabapa ya kukinga jua dirishani, umerudi tena, na bado unaendeshwa kana kwamba ni suala la ladha. Wako wanaosema luva za kugeuza ni mzigo: zinashika kutu, zinakwama, na mwenye jengo hana fundi wa kuzihudumia. Wako wauza vioo, ambao kwao kila tatizo la jua lina dawa moja, nayo ni kioo cheusi zaidi ya kile cha mwaka jana. Katikati wamekaa wabunifu wenzetu wanaochora luva za kupendeza kwenye picha za kompyuta, wakapigiwa makofi na mteja, kisha wakazishuhudia zikifutwa kwenye kikao cha kupunguza gharama. Nao hulalamika kwamba mkadiriaji majenzi hana jicho la usanifu.

Mkadiriaji msimwonee. Anafuta kilichoandikwa kifutike. Tunaziandika luva kama pambo la mbunifu, mstari mmoja kwenye BOQ (orodha ya kazi na vifaa) na kiasi cha makisio pembeni, halafu tunashangaa zinapotendewa kama pambo.

Tuelewane kwanza ni ukuta gani tunaouzungumzia. Kaskazini na kusini hakuna ugomvi mkubwa. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya Juni jua huwa nyuzi 60 hivi juu ya upeo, na upenu wa zege wa mita moja unafanya sehemu kubwa ya kazi. Magharibi ni habari nyingine. Mwezi Machi au Septemba, saa kumi na nusu alasiri, jua liko kama nyuzi 30. Dirisha la urefu wa mita 1.5 litahitaji upenu wa mita 2.6 ili lifunikwe lote. Saa moja baadaye jua limeshuka hadi nyuzi 15 hivi, na upenu huo ungepaswa kufika mita 5.6. Hakuna mteja atakayekujengea upenu huo, na asikujengee.

Mapezi ya zege yasiyogeuka nayo yana deni lake. Ukiyapanga yabane kiasi cha kulizuia jua la jioni, umebana pia mwanga wa asubuhi, wakati ukuta wa magharibi hauna jua hata kidogo. Matokeo yake kila mtu anayajua: saa nne asubuhi taa zinawaka na nje kweupe. Luva inayogeuzwa inakaa wazi mpaka jua livuke paa, jambo ambalo kwa Dar hutokea karibu saa sita na nusu, kisha inafungwa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha toleo hili. Chukua ofisi yenye kioo cha mita za mraba 10 kinachotazama magharibi. Alasiri ya anga safi kioo hicho kinapokea kama wati 600 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 6. Kioo cheupe cha kawaida kinapitisha takribani nne kwa tano, karibu kilowati 4.8. Huo ni karibu mzigo wote wa kiyoyozi cha BTU 18,000, kwa ajili ya jua peke yake, kabla hujahesabu watu, taa na kompyuta. Weka pazia la ndani, bado nusu ya joto hubaki chumbani, kwa sababu jua limeshapita kioo: umefunga mlango mwizi akiwa ndani. Weka luva nje, mabapa yakiwa yamegeuzwa sawasawa, na kinachoingia kinashuka chini ya kilowati 1.

Tofauti hiyo ni fedha. Lakini itazame ratiba ya miradi yetu. Mhandisi wa viyoyozi anapiga hesabu mapema, luva zikiwa bado ni ndoto ya mbunifu, kwa hiyo anahesabu kioo kitupu. Mitambo inapangwa kwa kioo kitupu. Nyaya, transfoma na jenereta ya dharura navyo vinapangwa kuifuata. Luva zinapofika mezani, fedha ya kupambana na jua imeshatumika. Zinaonekana ni gharama juu ya gharama, na anayezifuta ana haki kamili ya kuzifuta.

Tunachodai ni kugeuza mpangilio huo. Luva ziingie kwenye hesabu ya joto tangu michoro ya awali, na ripoti ya mhandisi iseme wazi kwamba mitambo hii inatosha kwa sharti la luva hizi. Siku mtu atakapotaka kuzifuta, itabidi arudi kwa mhandisi, mitambo ikue, jenereta ikue, na ongezeko hilo liandikwe kwenye ukurasa uleule wa akiba anayojisifia. (Mhandisi anayelipwa kwa asilimia ya gharama ya mitambo hatakuwa wa kwanza kulipendekeza hili. Mbunifu na alipendekeze.)

Kisha yaje maelezo ya kiufundi yenye meno. Kifungu cha “au inayolingana nayo” ndicho mlango wa nyuma wa kila kibadala dhaifu. Kifungwe kwa kutaja utendaji: luva pamoja na kioo chake visipitishe zaidi ya asilimia 15 ya nishati ya jua lililo nyuzi 30, na mleta kibadala athibitishe. Kwa mwambao, utando wa anodaizi wa maikroni 25, skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na vishikizi vya plastiki kutenganisha metali mbili. Fundi akitia skrubu ya chuma cha kawaida kwenye aluminiamu mbele ya upepo wa chumvi, usilaumu teknolojia luva inapokwama. Mzigo wa upepo nao uandikwe. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kilitukumbusha kwamba pwani yetu haina kinga ya kudumu. Na itajwe ni nani atakayegeuza mabapa, kwa mpini gani, akisimama wapi.

Wanaodai kwamba haya ni anasa ya leo wasome makala ya historia katika toleo hili. Mbunifu Le Corbusier mwenyewe aliona cha moto mjini Paris, jengo lake la Cité de Refuge, lililofunguliwa mwaka 1933, lilipogeuka tanuri nyuma ya ukuta wa kioo usiofunguka. Vivuli viliongezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wizara ya Elimu na Afya ya Rio de Janeiro, aliyoibuni Lucio Costa na wenzake kuanzia 1936, Le Corbusier akiwa mshauri, iliwekewa luva za kugeuzwa kwenye ukuta wake wa kaskazini, wenye jua kali.

Katika toleo hilihili, makala ya mota na vihisi vya upepo ni ya kisomi na ina michoro safi; sisi bado tuko upande wa mpini wa mkono. Ya madirisha ya mbao ya Unguja itawafurahisha wapenda urithi. Ya miti ya kivuli ni fupi na ya kweli, ila ghorofa ya nane haina mti.

Kuanzia toleo lijalo, jengo lolote lenye ukuta wa kioo upande wa magharibi litakaloletwa hapa kusifiwa lije na hesabu yake ya joto, yenye luva na isiyo na luva. Likija na picha tupu, litarudishwa kwa mwenyewe.